Kukinga maji ya mvua bila kuchafua tangi

Masika ikianza watu wengi Dar wanakimbilia kupanga ndoo chini ya bati, mi nakwambia funga gata kabisa, ule mfereji wa ukingoni mwa bati unaopeleka maji kwenye tangi. Hesabu ni rahisi, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, kwaiyo bati la mita 50 za mraba mvua ya milimita 20 ikipiga unapata kama lita 1,000, toa kidogo inayomwagika.

Gata iinamie kidogo upande wa tangi. Sasa hapa ndo wengi wanakosea jamani, maji ya kwanza yana vumbi na mavi ya ndege ya kiangazi chote, usiyaingize! Kabla ya tangi weka bomba la pembeni linaloshuka chini lenye kifuniko, machafu yanajaa humo kwanza ndo masafi yanapita juu kwenda kwenye tangi, mvua ikikata fungua umwage. Mdomo wa tangi uvishe neti, mbu wasizaliane. Koki ikae juu kidogo matope yabaki chini. Ya kunywa chemsha, hata yakionekana masafi.