Plagi za injini ya kizamani iliyoongezwa nguvu
Kama gari lako la zamani umelipandisha kompresheni au umelifunga tabo usirudishie plagi za kiwandani, weka baridi zaidi hatua moja (yaani inayotoa joto haraka zaidi), na hapo ndo wengi wanajichanganya maana kwa plagi za kampuni ya NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi (BP6ES kwenda BP7ES) ila za kampuni ya Champion ni kinyume kabisa. Gepu sasa (ile nafasi cheche inaporuka), tabo inataka dogo, kama 0.6 hadi 0.7 mm, presha ikiwa kubwa cheche inazimika. Bila tabo, ukiwa na koili ya elektroniki yenye nguvu, 0.9 inaenda fresh tu. Pinda ule mguu wa pembeni peke yake, wa katikati usiuguse. Halafu tembeza, chomoa uangalie: kahawia hafifu poa, nyeupe yenye vipele simamisha gari.