Mto hufurika kwa mvua ya mbali: kujitayarisha kwa mafuriko Kano na Budalang'i

Vimbunga vya baharini havifiki Kisumu. Huzaliwa juu ya bahari yenye maji ya moto na husokotwa na mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta msokoto huo ni hafifu mno. Hata kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitua pwani ya Tanzania. Huku magharibi mwa Kenya hatari ni mto, na ubaya wake ni kwamba mvua inayoujaza hainyeshi kwako. Nyota zinaweza kuwa zinang'aa juu ya Ahero, mji wa uwanda wa Kano, huku maji yakiwa njiani. Kwa hiyo usikae kutazama anga la kwenu. Tazama mto wa juu, kisha uamue mapema, kabla ya giza na kabla ya hofu, maji yakifika wapi utaondoka.

Hatua ya 1: Jua maji yako yanatoka wapi

Mto Nzoia hukusanya maji ya milima ya Cherangani na Mlima Elgon, ukapita Webuye na karibu na Mumias, ndipo ukashuka Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria. Safari hiyo ni ndefu, na anayefuatilia habari anaweza kupata siku nzima au zaidi ya kujiandaa. Mto Nyando ni kinyume chake. Maji yake hutoka milima ya Nandi na Tinderet, yakashuka kwa kasi na kumwagika kwenye uwanda wa Kano ambao ni tambarare na una udongo mweusi wa mfinyanzi usionyonya maji upesi. Hapo una saa chache tu. Vijito vinavyoshuka moja kwa moja kutoka kwenye miinuko iliyo karibu havikupi hata hizo.

Chanzo cha tatu ni ziwa lenyewe. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi yake ya 1964. Ziwa likiwa juu, mto hauna pa kumwaga, maji hurudi nyuma, na wanaoishi karibu na mdomo wa mto hukaa ndani ya maji kwa miezi. Anayeishi huko asipange kuhama wiki moja, apange kuhama msimu.

Tafuta watu wawili walio juu ya mto na uhifadhi namba zao. Wa Kano watafute Muhoroni au Chemelil, wa Budalang'i watafute Webuye au Mumias. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, wapigie kila mvua kubwa inaponyesha huko. Waulize mambo matatu: maji yako wapi kwenye nguzo za daraja ukilinganisha na jana, rangi imegeuka kuwa ya udongo mzito au la, na mto unabeba miti mizima au matawi tu. Miti mizima maana yake ukingo umemomonyoka huko juu. Anza kufunga mizigo. Fuata pia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa redioni, ila utabiri wa kaunti nzima hautakuambia kijito cha nyuma ya nyumba yako kitafanya nini.

Hatua ya 2: Chomeka kijiti cha kupimia, uweke alama ya kuondoka

Chukua mti ulionyooka wa mita 2, upake rangi mstari kila sentimita 10, uuchimbie chini nusu mita mahali pa chini kabisa pa boma, penye kuonekana kwa tochi ukiwa mlangoni. Mita moja na nusu itakayobaki juu inatosha kupimia.

Sasa fanya kazi ambayo wengi huiruka. Tembea njia yote ya kutokea hadi barabara ya lami au kilima, utafute bonde lake la chini kabisa. Njia hufungwa kabla ya nyumba kuingia maji. Familia nyingi hukwama zikiwa na sakafu kavu, kwa sababu zilikuwa zikitazama kizingiti cha mlango. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hubeba gari. Siku ya mvua ya kawaida linganisha: bonde la njia likiwa na maji ya kifundo cha mguu, kijiti cha nyumbani kinasoma ngapi? Hapo ndipo pa kuweka alama nyekundu. Sentimita 30 chini yake weka ya njano.

Maji yakifika njano, wazee, wajawazito, watoto na wagonjwa wanaondoka, hata kama ni saa nane mchana na jua linawaka. Yakifika nyekundu wanaondoka wote. Pima kila saa. Ikiwa yanapanda sentimita 10 kwa saa na umebakiza 30, hesabu inasema saa tatu. Wewe ihesabu kuwa saa moja na nusu, kwa sababu kasi hupanda ukingo unapovunjika, na mzee mwenye gongo hatembei kama kijana. Jua likikaribia kutua na maji bado yanapanda, ondokeni bila kungoja alama yoyote.

Kubaliana na mzee wa kijiji na chifu mapema mtakwenda wapi, shule gani au kanisa gani lililo juu, na nani atambeba asiyeweza kutembea. Mtaje kwa jina. "Tutasaidiana" haijambeba mtu.

Hatua ya 3: Mfuko wa kuondoka

Uwe mmoja tu na uning'inie karibu na mlango. Weka kitambulisho, hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa na vya shule ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, kisha ndani ya mfuko wa pili. Vipige picha na umtumie ndugu aliye mbali. Ongeza tochi, redio ndogo, chaja ya kubebeka, kiberiti ndani ya chupa, chumvi na sukari, dawa ya kutibu maji, na pesa taslimu za noti ndogo, kwani mtandao ukianguka hata wakala wa M-Pesa hana la kukufanyia.

Dawa za kila siku ndizo muhimu kuliko vyote hivi. Anayetumia ARV, dawa za kifua kikuu, za presha au za sukari aombe kliniki akiba kabla msimu wa mvua haujaanza. Kukatiza ARV au dawa za TB kwa wiki mbili kambini kunaweza kuleta madhara ambayo hayaishi maji yanapokauka. Asisahau kadi ya kliniki, na mjamzito abebe kijitabu chake.

Hatua ya 4: Chakula na mifugo

Nafaka ipandishe juu ya ulingo imara, angalau nusu mita juu ya alama ya mafuriko makubwa unayoikumbuka, ndani ya mifuko isiyopitisha hewa iliyofungwa kabisa. Mahindi yaliyolowa maji ya mafuriko usiyakaushe ukala, wala usimpe kuku. Ukungu huacha sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Hamisha ng'ombe na mbuzi mapema kuliko watu, maana hawaendeshwi ndani ya maji usiku. Ukishindwa kuwahamisha, fungua kamba. Mnyama aliyefungwa hufa, aliyefunguliwa huogelea. Wachanjwe dhidi ya kimeta na chambavu kabla ya msimu, kwa sababu mafuriko hufukua vijidudu vilivyokaa udongoni miaka mingi. Aliyekufa baada ya maji hachinjwi, hachunwi, haliwi. Mwite daktari wa mifugo.

Hatua ya 5: Nyumba, na tuta

Zima swichi kuu wakati miguu yako bado ni mikavu. Maji yakishafika kwenye soketi, au ukiwa umesimama ndani ya maji, usiiguse. Betri ya sola ipandishe juu. Waya wa stima ulioanguka kaa mbali nao hatua zisizopungua kumi na upige 97771, namba ya dharura ya Kenya Power.

Magunia ya mchanga yanafaa kwa maji ya chini, yasiyozidi nusu mita, tena yapangwe vizuri. Jaza gunia nusu hadi theluthi mbili. Gunia lililojaa pomoni huwa gumu, halilali, na maji hupita pembeni. Lilaze kwa urefu kufuata mkondo, mdomo uliokunjwa ukiwa chini ya gunia linalofuata, kanyaga, kisha panga safu ya pili ikiziba maungio ya kwanza. Upana wa chini uwe mara tatu ya kimo. Upande wa maji weka karatasi ya nailoni, ncha yake ya chini ikiwa imefukiwa.

Wanaoishi nyuma ya matuta ya Nzoia, yaani kingo za udongo zilizojengwa kuuzuia mto, wana kazi zaidi, kwa sababu tuta linapovunjika maji huja kama ukuta. Mto ukijaa, gaweni zamu za kukagua upande wa ndani, ule mkavu, mchana na usiku. Mnatafuta maji yanayobubujika kutoka ardhini chini ya mguu wa tuta. Yakiwa maangavu, wekeni alama na mrudi kuyatazama kila baada ya muda mfupi. Yakiwa na tope au yakileta mchanga, tuta linaliwa kutoka ndani. Kosa la kawaida ni kuziba tundu hilo kwa udongo au gunia: maji hutafuta pa kutokea pengine na uharibifu huendelea msipouona. Badala yake zungusheni magunia kulizunguka, acheni maji yapande ndani ya duara hadi yatoke yakiwa safi. Uzito wa maji hayo ndio unaopunguza nguvu ya yanayosukuma. Wakati huohuo mjulisheni chifu na muondoe watu, maana duara hilo linanunua muda tu. Na mtu asikate tuta ili kuokoa upande wake. Atazamisha jirani, kisha mto utapanua mkato mpaka umfikie na yeye.

Mashimo ya panya na fuko, mizizi iliyooza na njia za ng'ombe juu ya tuta ndiyo mahali linapoanzia kufa. Zibeni kiangazi, udongo wa mfinyanzi ukishindiliwa tabaka kwa tabaka.

Upepo wa dhoruba za mvua ya mawe nao hung'oa paa, hasa kuanzia barazani. Fungeni boriti kwenye ukuta kwa hupi aini (ukanda mwembamba wa chuma), si kwa misumari peke yake.

Hatua ya 6: Kutembea ndani ya maji

Ikiwa hakuna budi, tembea na mti mrefu ukipapasa mbele, maana shimo la choo na kisima halionekani. Vaa viatu. Shikaneni mikono, mwenye nguvu akiwa upande mkondo unakotokea. Karibu na ziwa na mdomo wa mto, viboko na mamba hufuata maji hadi bomani, nyoka nao hukimbilia kwenye miti na kuta kavu mnakokimbilia ninyi. Bodaboda asikubali kuvuka daraja lililofunikwa. Haoni kama sakafu bado ipo. Mkikwama, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, au 999 na 112, mtaje shule au kanisa lililo karibu.

Hatua ya 7: Maji ya kunywa

Baada ya siku chache tishio hugeuka kuwa kipindupindu. Vyoo vya shimo vimemwagika, na kila kisima cha uwandani kihesabu kuwa kimeingiliwa.

Maji ya tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha weka WaterGuard (dawa ya klorini ya kutibu maji), kifuniko kimoja cha chupa yake kwa mtungi wa lita 20, au viwili ikiwa maji bado si maangavu. Tikisa, ngoja dakika 30. Yakinukia klorini kidogo ni sawa. Bila kunukia, rudia. Klorini ikiwekwa kwenye maji ya tope huishia kwenye tope, na vijidudu hubaki. Hapo ndipo wengi hukosea, wakasema dawa haifanyi kazi. Ukiwa na kuni, chemsha mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja. Lakini jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba au hema lililofungwa, hewa yake huua watu usingizini.

Mtu akiharisha, changanya lita 1 ya maji yaliyotibiwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo huku mnaelekea kituo cha afya. Kuhara kama maji ya mchele ni safari ya saa hiyohiyo, usingoje kuche.

Hatua ya 8: Kurudi

Nyumba ya udongo huanguka zaidi maji yakishashuka, ukuta ukiwa umelowa na hauna tena maji ya nje ya kuuegemeza. Zunguka kwa nje kwanza. Ukuta uliotoa tumbo, au unaoingia kijiti kwa urahisi sehemu ya chini, usilale karibu nao hadi ukauke. Fungua madirisha yote, toa tope likiwa bado bichi. Fundi wa stima akague kabla ya kuwasha.

Kisima kisafishwe maji ya uwandani yakishapungua. Ukikikausha wakati udongo wa pembeni bado umelowa sana, kuta huporomoka. Usishushe pampu ya petroli ndani, wala mtu asishuke ikiwa injini imewahi kuwashwa humo: moshi wake hukaa chini na huua. Toa maji na tope, acha maji yarudi, kisha upime. Kisima cha upana wa mita 1.2 kina takriban lita 1,100 kwa kila mita ya kina. Koroga gramu 50 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 katika ndoo ya lita 20, umwage nusu ndoo kwa kila lita 1,000. Vaa glavu, usivute vumbi lake. Acha usiku kucha, toa maji yote hadi harufu kali iishe, na uendelee kutibu ya kunywa nyumbani hata hivyo.

Choo kipya kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kano maji hayo yako karibu sana, kwa hiyo jenga choo kilichoinuliwa juu ya kifusi badala ya kuchimba kwenda chini. Na lala ndani ya neti kuanzia usiku wa kwanza, kwa kuwa mbu huongezeka majuma machache baada ya maji kutulia kwenye madimbwi, wakati ambapo watu wameshaanza kupanda upya na kusahau.