Kurimiksi Wimbo wa Zamani Usio na Stemu: Namna ya Kutenganisha Sauti na Kuzitumia Vizuri

Anayetaka kurimiksi wimbo wa Bongo Fleva uliotoka mwaka huu anaweza kumpigia simu prodyuza aliyeutengeneza na kumwomba stemu, yaani faili ambazo kila moja imebeba sauti yake peke yake: mwimbaji huku, dramu huku, besi huku, kinanda huku. Kwa wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 njia hiyo haipo. Bendi zilizorekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga vyombo vyote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na kilichobaki kwenye utepe ni muziki uliokwisha kuchanganyika tangu ulipopigwa. Hizo ndizo rekodi ninazozizungumzia hapa, kwa sababu ndizo zinazofaidika zaidi na programu za kutenganisha sauti na ndizo zinazoisumbua programu kuliko nyingine zote.

Ni vyema kuelewa kwanza programu inafanya nini. Wimbo uliochanganyika ni kama chai ya maziwa: hakuna chujio litakalorudisha maziwa upande mmoja na maji upande mwingine. Programu haichuji, bali inakisia. Ilifundishwa kwa kusikilizishwa nyimbo nyingi ambazo stemu zake zinajulikana, mpaka ikajifunza sauti ya binadamu huwa na umbo gani katika masafa, besi hukaa wapi, na dramu huanza na kufifia vipi. Kisha ikipewa wimbo mpya inaunda upya kile inachodhani kila sehemu ilikuwa. Mkusanyo wa MUSDB18, unaotumiwa sana kufundishia na kupimia programu hizi, una nyimbo 150 tu, na nyingi ni za pop na roki za Magharibi. Hapo ndipo tatizo letu linapoanzia, kwa kuwa mafungu ya kawaida ni manne, yaani mwimbaji, dramu, besi na mengineyo, na katika bendi ya dansi hilo fungu la mengineyo ndilo lenye utamu: gitaa la solo, la rithimu, tarumbeta na saksafoni, vyote vinarundikwa katika faili moja. Saksafoni inayopiga mstari mrefu mara nyingi huvujia kwenye faili ya mwimbaji, kwa sababu inapanda na kushuka kama mtu anayeimba. Kwa taarabu hali ni ngumu zaidi, maana fidla nayo ina tabia hiyohiyo.

Kuhusu programu zenyewe, sitakaa sana. Spleeter, iliyotolewa na kampuni ya Deezer mwaka 2019, ndiyo iliyowafungulia watu wengi mlango, lakini leo imepitwa. Demucs, iliyotengenezwa na watafiti wa Facebook, ni bora zaidi na ni ya bure, hasa toleo lake la nne la mwaka 2022. Asiyependa kuandika amri atumie Ultimate Vocal Remover, ambayo nayo ni ya bure, ina dirisha la kawaida la kubofya, na ndani yake unaweza kuchagua Demucs au mifumo mingine. Programu za kutengenezea muziki kama FL Studio na Logic Pro katika matoleo yao ya karibuni zina kitenganishi ndani yake, na kwenye simu wengi hutumia Moises. Kwa anayeanza napendekeza Ultimate Vocal Remover, kwa sababu inamruhusu kujaribu mifumo kadhaa kwenye wimbo uleule na kulinganisha kwa masikio yake.

Tafuta chanzo kizuri kabla ya lolote. Faili ya WAV au FLAC iliyotolewa moja kwa moja kwenye sahani ya santuri au CD, kwa kiwango cha kilohezi 44.1, itakupa matokeo ambayo MP3 iliyozunguka WhatsApp haiwezi kukupa kamwe. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukata masafa ya juu kuanzia kilohezi 16 hivi na kuacha uchafu wa mtetemo kwenye matoazi, na programu hushindwa kujua uchafu huo uwekwe fungu gani. Ikiwa rekodi ya asili ilikuwa ya mono lakini imehamishwa kutoka kwenye santuri kama stereo, iunganishe kuwa mono kabla ya kuitenganisha, kwa kuwa mikwaruzo ya kushoto na kulia haifanani na hupungua zikiunganishwa. Usiisafishe rekodi kupita kiasi kwa programu ya kuondoa kelele. Ukiondoa mvumo wa utepe kwa nguvu, unaondoa pia pumzi ya mwimbaji.

Anayetumia Demucs, baada ya kuisakinisha kwa pip, kisakinishi cha lugha ya Python, kwa amri ya pip install demucs, ataandika hivi:

demucs -n htdemucs_ft wimbo.wav

Herufi ft zinachagua mfumo ulionolewa zaidi, ambao huchukua muda takriban mara nne ya ule wa kawaida, hivyo kwenye kompyuta isiyo na kadi ya michoro inabidi kuwa na subira. Faili nne zitajikuta ndani ya folda iitwayo separated. Ukitaka sauti ya mwimbaji upande mmoja na muziki wote upande mwingine, ongeza --two-stems=vocals. Upo pia mfumo wa htdemucs_6s unaotoa gitaa na piano kila kimoja kivyake. Piano yake ni dhaifu, na watengenezaji wenyewe wamelisema hilo, lakini gitaa lake ni msaada mkubwa kwa muziki wetu: mara nyingi hulitoa gitaa la solo nje ya tarumbeta kwa kiasi cha kutosha kulifanyia kazi. Mimi huendesha mifumo yote miwili, nikachukua mwimbaji kutoka wa kwanza na gitaa kutoka wa pili. Usihifadhi kazi ya kati kama MP3, kwa sababu MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili, na stemu zako hazitalala sawasawa juu ya wimbo wa asili.

Sasa fungua stemu ya mwimbaji na uisikilize peke yake kwa vipokea sauti. Utasikia mambo matatu. Herufi s na sh zimepungua makali, kwa sababu sehemu yake imekimbilia kwenye dramu. Mwisho wa neno refu umekatwa ghafla, kwa kuwa mwangwi wa chumba umehesabiwa kuwa ni muziki. Na katikati ya mstari mmoja na mwingine, pale mwimbaji anapovuta pumzi, kuna gitaa linalosikika kwa mbali kama linapigiwa chini ya maji. Wengi hufika hapa wakakata tamaa, au wakaanza kuzungusha ekwalaiza saa nzima wakitafuta usafi ambao haupo.

Usihukumu stemu ikiwa peke yake. Rimiksi nzuri ya wimbo wa namna hii hutengenezwa kwa kuweka sauti mpya palepale penye jeraha. Mwisho wa neno umekatwa? Weka riverbu yako, yaani mwangwi wa kutengenezwa, nayo itaendeleza neno kule lilikokuwa likienda. Mabaki ya matoazi ya zamani yanachachatika ndani ya sauti ya mwimbaji? Piga kayamba mpya kwenye mapigo hayohayo, na sikio litadhani ndilo linalosikika. Makali ya s yamepotea? Kata vipande vifupi vya herufi hizo kutoka kwenye stemu ya dramu, uvilaze chini ya mwimbaji kwa sauti ndogo. Kwenye ukimya kati ya mistari, kata kabisa na uweke mfifio wa milisekunde 10 hadi 20 kila upande ili pasisikike mlio wa kukatika. Gitaa la mbali ndilo la kuangaliwa zaidi, kwa sababu lina ufunguo wake na kodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja: ukibadilisha mfuatano wa kodi chini ya mwimbaji, mabaki hayo yatagombana na muziki wako na msikilizaji atahisi kuna kitu kimeharibika bila kujua ni nini. Kwa hiyo ama baki na kodi za asili, ama chagua mistari ambayo bendi ilikuwa imenyamaza.

Jambo la pili linalowashinda wengi ni mwendo. Bendi zile hazikupiga kwa kufuata mashine ya mapigo. Ziliharakisha kadiri zilivyopata moto, na zilipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo ya kuchezesha watu, mwendo ulipanda wazi. Hapa stemu ya dramu, hata kama huna mpango wa kuitumia, ina kazi kubwa, kwa sababu mipigo yake inaonekana vizuri kwenye mchoro wa sauti. Weka alama kwenye pigo la kwanza la kila mstari wa muziki, kisha iamuru programu yako ya kutengenezea muziki ifuate alama hizo. Nashauri kwa nguvu zote kwamba biti mpya imfuate mpiga dramu wa zamani, wala si yeye aburutwe kuifuata biti. Ukinyoosha mwendo wote uwe sawa kama rula, utakuwa umeondoa kile kilichokufanya uupende wimbo, na kila unaponyoosha stemu iliyotenganishwa makosa yake yanazidi kusikika.

Hali ni hiyohiyo kwa tuni. Santuri na utepe vingi havikai kwenye hezi 440, kipimo cha kawaida cha kutuni vyombo, kwa hiyo pima gitaa la solo kwa kipima tuni, ujue limepanda au limeshuka kwa senti ngapi (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni), halafu ukirekebishe kinanda chako kipya kwa kiasi hicho na kuiacha rekodi ya asili kama ilivyo.

Ubunifu unaanza pale unapoamua nini kibaki. Kishawishi ni kutumia kila kitu kwa kuwa sasa kinapatikana, lakini rimiksi zinazonigusa huchukua kidogo. Chukua kipande cha solo cha mistari minne kutoka kwenye chemko, kikate pigo kwa pigo, ukijenge upya juu ya mwendo wa singeli unaopita mapigo 200 kwa dakika. Gitaa lile tayari linakimbia, na hapo linapata uwanja wake. Au fanya kinyume: mwache mwimbaji kiongozi, ondoa wote, mpe besi moja ndefu tu chini, ili maneno yasikike kwa watu ambao siku zote waliyacheza bila kuyasikiliza. Waitikiaji nao wanaweza kuwa kiini cha kazi nzima, ukiwaacha wao na tumba huku kiongozi akiwa kimya, na nafasi zake kujazwa na msanii wa leo anayewajibu.

Kabla ya kuutoa wimbo hadharani, tafuta ruhusa, na kumbuka kuwa haki ni mbili: ya mtunzi au warithi wake, na ya mwenye rekodi. Kutenganisha sauti hakukupi umiliki wa stemu hata moja. Kwa Tanzania, pa kuanzia ni COSOTA, na kwa Kenya ni KECOBO, ambazo ni taasisi za hakimiliki za nchi hizo. Kwa rekodi za iliyokuwa Radio Tanzania, maktaba ya kanda iko TBC, shirika la utangazaji la Tanzania. Warithi wengi wa wanamuziki hao wako hai na wanafikika, na wengi wao hawajawahi kuombwa chochote, wamekuta tu wimbo wa mzee umeshapakiwa. Nenda na rasimu ya rimiksi yako, waisikilize, mwandikiane.

Unapochanganya kwa mara ya mwisho, sikiliza katika mono, kwa kuwa stemu zilizotenganishwa huwa na tofauti ndogo za kushoto na kulia ambazo zikiunganishwa zinaweza kummeza mwimbaji. Sikiliza kwenye spika ya simu pia, maana ndiko wimbo utakakosikilizwa na wengi, na besi ya zamani ikipotea huko, iongezee uchafu kidogo wa kukwaruza ili masafa yake ya kati yasikike. Hifadhi faili ya mwisho kama WAV ya biti 24, kilele kisizidi desibeli 1 chini ya sifuri, na kwenye jina la kila stemu andika mfumo ulioizalisha, mapigo kwa dakika na tofauti ya tuni, ili programu bora zaidi itakapotoka uweze kuutenganisha tena wimbo uleule na kubadilisha faili moja bila kuvunja nyingine.