Kikundi cha mikoko: anzeni na daftari, miche baadae

Haya jamani, wengi mnaniuliza vile sisi huku Kwale tunaendesha kikundi cha kujitolea cha mikoko, nimeona niandike mara moja. Mwaka wa kwanza tulipanda kama wendawazimu, picha tukapiga, fulana tukavaa, miezi mitatu baadae karibu yote kwisha, na vile hatukua tumeandika chochote hata kilichoua hatukukijua.

Hatua ya 1, ruhusa. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, sio shamba la mtu. Nendeni KFS (shirika la misitu la serikali), jiungeni na CFA, yani chama cha wanajamii wa msitu, cha eneo lenu.

Hatua ya 2, ulizeni kwa nini pale pako wazi. Hapa ndio wengi tunaanguka. Kama watu walikata boriti na maji bado yanaingia na kutoka, angalieni chini vizuri, huenda miche inajiotea yenyewe, basi kazi yenu ni kulinda tu. Lakini kama barabara imeziba mkondo, maji yanatuama alafu jua likipiga yanabaki machumvi meupe, hapo hata mpande elfu mtazika elfu, fungueni mkondo kwanza. Wazee wa uvuvi na kina mama wanaochokoa chaza wanajua maji yalikua yapita wapi zamani, kaeni nao.

Hatua ya 3, kupanda. Kila aina ya mikoko ina pake: mlilana hukaa mbele kabisa baharini, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa huku juu, mchu ni mkorofi utaukuta juu na pengine mbele pia. Ukiwa na shaka angalia mti wa jirani ulio usawa mmoja wa maji na ufuate huo. Mbegu ya mkoko, ile ndefu inayoning'inia, usichume mpaka uone pete ya manjano pale juu inapoungana na tunda. Chomeka ncha chini, thuluthi moja iingie matopeni, mita moja moja. Nendeni siku za bamvua, zile maji hujaa sana na kupwa sana, mida ya saa nne asubuhi maji yashakupwa mbali.

Hatua ya 4, kuhesabu, na hii ndio kazi yenyewe. Pimeni ploti za mita 10 kwa 10, tatu au nne zatosha, pembe zote simika vigingi na upige GPS ya simu pia, mana vigingi huibiwa kuni. Kila miezi mitatu rudini: mizima mingapi, iliyokufa mingapi, urefu, na picha kutoka palepale upande uleule. Wawili wahesabu kila mtu peke yake, mkitofautiana rudieni, msigawanye katikati! Msiojua majina pigeni picha ya jani, ua na mizizi mtie iNaturalist, mtandao wa kutambua mimea na wanyama, kuna watu watawasaidia.

Safu ya "kwa nini imekufa" isiachwe tupu. Kaa amekata? Mchanga umefunika? Mbuzi? Sisi ploti ya tatu ilikua mbuzi, tukaongea na wenyewe yakaisha.

Wenzetu wa Gazi, kikundi cha Mikoko Pamoja, wana mradi tangu 2013 wa kuuza kaboni (yani wanalipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na miti) ya hekta 117, pesa zinaingia kwa maji na shule, na mnunuzi wa kaboni haulizi mlipanda mingapi, anauliza vipimo. Kwa hivyo daftari likae kwa mtu asiyehamahama, na nakala kwa simu ya mwengine, letu moja lilienda na maji.