Shika jambo, badili utanzu: ninavyochagua kitabu kinachofuata

Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Kwa miaka mingi nilisoma riwaya za upelelezi tu. Zamu ya usiku ikishatulia, kati ya saa saba na saa kumi, nilivuta kiti karibu na taa nikafungua kitabu. Nilizimaliza zote nilizoweza kuzipata, nyingine nikazirudia mara mbili, hadi siku moja nikafungua mpya na kufika ukurasa wa ishirini nikawa nimeshamjua muuaji. Nikaacha kusoma karibu mwaka mzima.

Rafiki zangu waliniambia nichanganye: diwani moja ya mashairi, wasifu mmoja, tamthilia moja, historia kidogo. Nikanunua vyote kwa mkupuo. Vilikaa mezani miezi mitano, na hakuna hata kimoja nilichofika nusu. Vilikuwa vitabu vizuri, ila hakuna kilichoniita. Nilivichukua kama dozi, na mtu hasomi kwa dozi.

Njia iliyonifaa ni hii. Ukimaliza kitabu ulichokipenda, kaa nacho siku mbili tatu ujiulize: kuna jambo gani humu ambalo bado nataka kulijua? Jambo lenyewe, siyo mwandishi wala aina ya kitabu. Liandike kama swali. Kisha litafute swali hilo katika utanzu mwingine, yaani aina nyingine ya maandishi. Jambo unabaki nalo, utanzu unaubadili.

Nieleze jinsi lilivyonitokea. Nilirudia *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, kile chenye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Fumbo nilikuwa nalijua tayari, kwa hiyo safari hii macho yalikwenda pembeni: kwenye mashamba, nyumba za wenye mali, watumishi wanaoingia na kutoka. Nikaandika: watu waliobeba mizigo Unguja waliishi vipi? Swali hilo likanipeleka kwenye *Kuli* cha Adam Shafi, riwaya ya wafanyakazi wa bandarini na mgomo wao wa mwaka 1948. Hakuna mpelelezi humo wala siri ya kufichuliwa sura ya mwisho, lakini niliisoma usiku mbili, kwa sababu kila ukurasa ulikuwa unalijibu swali langu.

Kutoka hapo nikauliza: mji huo huo, watu wanyonge wa wakati ule walikuwa wanaimba nini? Jibu lilikuwa Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi kutoka Fumba, aliyetembeza vyungu mjini kabla hajawa mwimbaji wa taarab aliyefika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mimi ambaye sikuwahi kumaliza wasifu wa mtu yeyote nilimsoma Siti nikiwa nimesimama jikoni, mwiko mkononi.

Swali lililofuata nililiona aibu kidogo kulikosa jibu: kabla ya Siti, mwanamke wa pwani aliandika nini? Ndivyo nilivyoufikia *Utendi wa Mwana Kupona* wa mwaka 1858. Mama yuko kitandani, anaumwa, anamwita binti yake aje na wino na karatasi amwachie maneno. Nimekaa na wagonjwa wengi wanaotaka kusema jambo kabla hawajaishiwa nguvu, nami beti za mwanzo nilizisoma kwa taratibu sana. Mashairi niliyokuwa nayakimbia tangu shule yalinifungukia hapo. Kuna mengi kuhusu mume na utii ambayo sikubaliani nayo, na ningekataa kumsomesha binti yangu kama sheria. Bado nausoma.

Tazama umbali: kutoka upelelezi hadi utenzi, vituo vinne, na sikujilazimisha hata kimoja.

Mnyororo wangu wa pili ulianzia kazini. Kliniki huja wanawake wanaotafuta mtoto mwaka wa tano, wa sita, nami nilitaka kujua zamani mambo haya yalibebwaje. Kuna kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Alikiandika kwanza kwa Kikerewe, akakikamilisha mwaka 1945, na toleo la Kiswahili, alilolifasiri mwenyewe, likachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Ni kitabu kinene, kinakwenda polepole, kimejaa dawa, ukwe, kilimo na pombe ya ndizi. Usikianze ukiwa na haraka. Ukikimaliza, baki kisiwani humo humo usome *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, naye ni mzaliwa wa Ukerewe. Kilitoka mwaka 1971 na kikawahi kuzuiwa mashuleni. Vyote viwili ni riwaya, lakini kimoja kinakwenda kama simulizi ya mzee na kingine kinauma. Kisha nikaviongezea *Mahali Pasipo na Daktari*, kitabu cha afya ambacho wengi wa rika langu kazini wanakijua. Watu husahau kwamba kitabu cha maarifa nacho ni cha kusoma, kinaweza kukaa katikati ya riwaya mbili bila kuona haya.

Sasa namna ya kukipima kitabu kabla hujakichukua, kwa sababu kila utanzu una kipimo chake. Riwaya nasoma ukurasa wa kwanza na mwingine wowote wa katikati. Wa katikati ndio unaosema kweli, maana wa kwanza kila mwandishi huupamba. Kitabu cha historia naanzia yaliyomo, natafuta sura inayogusa swali langu, nasoma hiyo tu. Sura moja ikiniridhisha narudi mwanzo, na isiponiridhisha nakirudisha bila majuto. Hakuna aliyetuamuru kumaliza kila kitabu cha historia.

Ushairi ni lazima usome kwa sauti. Anza na utenzi kabla ya mashairi marefu: mshororo wa utenzi una mizani (silabi) nane, pumzi inatosha, na mara nyingi unasimulia kisa, kwa hiyo msomaji wa riwaya hapotei. Tungo za zamani za Kiamu, lahaja ya Lamu, tafuta toleo lenye sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu. Nilianza na toleo lisilo na sherehe na nilikuwa nakisia nusu ya beti.

Tamthilia imenisumbua kuliko zote, hadi tulipoisoma nyumbani watu wanne, kila mmoja na wahusika wake. Tulisoma *Kinjeketile* cha Ebrahim Hussein, cha mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji. Mwanangu wa mwisho alikuwa Kinjeketile. Alipofika mwisho, pale Wajerumani wanapomtaka akane neno lake, sebule nzima ilinyamaza. Ukiisoma peke yako kimya kimya, kama nilivyofanya kwanza, utaona majina na nukta mbili tu. Baada yake soma historia ya vita hivyo vya 1905 hadi 1907, kwani mwandishi mwenyewe anaeleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni na si picha kamili ya yule wa kweli. Kuvisoma viwili hivyo pamoja kunakufundisha kazi ya kila utanzu kuliko somo lolote la darasani.

Ukienda maktaba, usiombe "kitabu kizuri". Mkutubi atakupa anachokipenda yeye. Mpe swali lako. Na ujue namba zilizo mgongoni mwa vitabu: kwenye mpango wa Dewey wa kupanga vitabu maktabani, fasihi ya Kiswahili ni 896.392, historia ya Tanzania 967.8, wasifu mara nyingi 920. Mimi huandika namba tatu kwenye kipande cha karatasi na kuzipitia rafu zote tatu kabla sijakaa. Ukipita rafu ya fasihi peke yake utatoka na ulichozoea.

Kwa wauza vitabu vya mitumba kuwa mwangalifu. Niliwahi kuuziwa riwaya iliyoruka kutoka ukurasa wa 96 hadi 113, nikaligundua hilo usiku wa manane, mwizi akiwa ndiyo kwanza anapanda ukuta. Kurasa hushonwa kwa mafungu, mara nyingi ya kumi na sita, na fungu zima linaweza kung'oka bila kitabu kuonekana kibovu. Pitisha kidole kwenye namba hadi mwisho, mbele ya muuzaji. Hatachukia.

Wiki hii nimemaliza *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Kijana anawekwa rehani kwa deni la baba yake, anafuata msafara hadi bara. Swali langu liko tayari kwenye daftari: watu wa misafara wenyewe walisimulia nini? Kuna *Safari za Wasuaheli*, masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapwa mwaka 1901, yakiwemo ya Selemani bin Mwenye Chande juu ya safari yake ya bara. Nimemwagiza mdogo wangu aliyeko Dar anitafutie. Nina zamu Alhamisi.