Estrojeni kwa mwanaume anayechomwa testosteroni: rekebisha dozi kwanza, kidonge baadaye

Siku ya tatu baada ya sindano chuchu zinaanza kuwasha. Shati likizigusa zinauma, pete ya ndoa inabana, uso umejaa kidogo asubuhi. Wanaume wengi wanaotumia tiba ya testosteroni, yaani homoni ya kiume, wakifika hapo hukimbilia duka la dawa kuulizia kidonge cha kushusha estrojeni, homoni inayojulikana zaidi kama ya kike. Subiri kwanza. Mara nyingi chanzo ni dozi kubwa inayochomwa kwa mkupuo, au kitambi, au vyote viwili. Kidonge ni cha mwisho, na wengi hawatakihitaji kabisa.

Testosteroni ikishaingia mwilini, sehemu ndogo hugeuzwa kuwa estradioli, ambayo ndiyo estrojeni yenye nguvu zaidi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, na sehemu kubwa hufanyika kwenye mafuta ya mwili. Ndiyo maana wanaume wawili wanaweza kuchomwa dozi ileile, mwembamba asihisi kitu na mwenye kiuno kipana akaanza kuota matiti.

Estradioli si adui wa mwanaume. Inalinda mifupa, inachangia hamu ya tendo la ndoa, na bila hiyo mafuta huongezeka mwilini. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanaume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida, lakini alikuwa na urefu wa sentimita 204, bado anarefuka, na mifupa yake ilikuwa imepungua uzito kama ya mzee. Kwa hiyo usilenge kuimaliza. Lenga iwe ya kutosha, isipande na kushuka kama barabara ya Marangu.

Kipimo: siku, mashine na yuniti

Kabla ya kubadili chochote, pata namba unayoweza kuiamini. Hapa ndipo watu wengi wa Arusha na Moshi hupotezea fedha, maana wanapima siku yoyote ile, leo maabara hii, mwezi ujao nyingine, kisha wanalinganisha majibu yasiyolinganishika.

Kama unachomwa kila wiki, chagua siku moja na uishike. Sindano ikiwa Jumatatu, toa damu Alhamisi au Ijumaa asubuhi, katikati ya sindano mbili. Au toa Jumatatu yenyewe kabla ya kuchomwa. Zote mbili ni sahihi ilimradi usibadilishe. Kwa sindano ya muda mrefu ya testosteroni undekanoati, ile inayochomwa kila wiki 10 hadi 14, damu hutolewa kabla tu ya sindano inayofuata. Pima testosteroni na estradioli siku moja, maana estradioli peke yake haisemi kama tatizo ni dozi kubwa au ni mafuta ya mwili. Ongeza picha kamili ya damu.

Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, viache siku tatu kabla. Biotini huvuruga baadhi ya mashine za homoni na kuonyesha namba kubwa kuliko ilivyo. Tena, vipimo vya kawaida vya estradioli vimetengenezwa kwa kuwafikiria wanawake, wenye viwango vya juu. Kwa mwanaume mara nyingi hukosea, na kosa lao kubwa ni kuongeza. Kipimo kinachoaminika zaidi ni cha LC-MS/MS, mashine inayotenganisha homoni na kuitambua kwa uzito wake. Uliza mapokezi: "Samahani, estradioli mnapima kwa mashine gani, na majibu yanatoka kwa yuniti gani?" Kama hawana LC-MS/MS, kipimo cha kawaida bado kinafaa kukuonyesha mwelekeo, ila usikitumie kumezea dawa.

Yuniti ndiyo inayotisha watu bure. Chukua karatasi ya majibu iliyoandikwa estradioli 165. Mtu aliyezoea kusoma kuwa mwanaume anatakiwa kuwa kati ya 10 na 40 hivi ataona amepita mara nne. Lakini tazama pembeni ya namba: imeandikwa pmol/L, na ile 10 hadi 40 ni ya pg/mL. Gawanya 165 kwa 3.67, unapata 45. Ni juu kidogo tu, na kama huna dalili yoyote, hakuna cha kutibu. Kwa testosteroni, nmol/L zidisha kwa 28.8 upate ng/dL. 20 nmol/L ni kama 576, kiwango kizuri kabisa.

Gawa dozi

Sindano ya miligramu 250 kila wiki tatu ni mtindo wa zamani unaoendelea kwa sababu ni rahisi kwa kliniki. Ampuli ni moja, tarehe ni moja, kwisha. Tatizo ni kwamba siku chache za mwanzo testosteroni hupanda sana, na aromatasi ikipewa mali ghafi nyingi hutengeneza estradioli nyingi. Wiki ya tatu vyote vimeshuka, mtu amechoka na amekasirika. Akilalamika uchovu anaongezewa dozi, na kilele kinachofuata kinakuwa kikubwa zaidi.

Piga hesabu: 250 kwa wiki tatu ni kama 83 kwa wiki. Ongea na daktari wako kuhusu kuchomwa kiasi hichohicho kwa vipande vidogo. Kwa testosteroni enanthati au sipionati, aina za sindano za muda mfupi, dozi ya kawaida ni miligramu 75 hadi 100 kwa wiki. Ukiwa na dawa ya miligramu 250 kwa mililita, 100 ni mililita 0.4. Ukigawa mara mbili kwa wiki, mfano Jumatatu asubuhi na Alhamisi jioni, kila mara ni mililita 0.2. Kiasi hicho hakipimiki vizuri kwenye bomba la mililita 2 au 5, kwa hiyo nunua bomba la mililita 1. Vuta kwa sindano ya geji 21, badilisha, choma kwa geji 23 au 25.

Sasa kuna jambo la ampuli, na tafadhali lichukulie kwa uzito. Ampuli ya kioo ikishavunjwa shingo haifungiki tena na haina ulinzi dhidi ya vijidudu. Kuvuta nusu leo na kuacha nusu kwenye bomba juu ya kabati hadi Alhamisi ni njia ya uhakika ya kupata jipu la tako. Kama dawa yako ni ya ampuli, kuna njia mbili tu salama: tumia kiasi chako na mwaga kilichobaki, au daktari akuandikie kichupa chenye kizibo cha mpira, kinachoruhusiwa kuvutwa mara nyingi na kinachofutwa kwa spiriti kila mara. Sustanon 250 ni ya ampuli, ni mchanganyiko wa aina nne za testosteroni, na imeyeyushwa kwenye mafuta ya karanga. Mwenye mzio wa karanga asiiguse.

Mwezi wa saba Arusha ikishika baridi, mafuta hayo huwa mazito na huingia kwa shida, na mahali palipochomwa panauma siku mbili. Shika ampuli kwenye kiganja dakika tano kabla. Usiweke dawa kwenye friji, kwani inaweza kuganda chembechembe. Na Moshi mwezi wa pili usiiache ndani ya gari.

Ukishabadili ratiba, vumilia wiki nne hadi sita kabla ya kupima tena. Kupima wiki ya pili ni kupima mwili ambao bado haujatulia.

Kitambi, pombe na dawa nyingine

Kupungua uzito hushusha estrojeni bila kumeza kidonge. Bia nne kila jioni na nyama choma, au mbege ya wikendi inayoanza Ijumaa na kuisha Jumapili usiku, vinafanya mambo mawili kwa pamoja: vinaongeza mafuta yanayobeba aromatasi, na vinachosha ini ambalo ndilo linaloondoa estrojeni mwilini. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, kila Jumapili asubuhi. Kikipungua, usishangae chuchu kutulia bila kugusa dozi.

Soya kwenye uji wa lishe haina kosa. Watu wameiogopa sana, lakini tafiti zilizokusanywa pamoja hazikuona ikibadilisha testosteroni wala estrojeni za wanaume.

Kagua pia mfuko wako wa dawa. Spironolaktoni ya moyo au presha, simetidini ya vidonda vya tumbo, ketokonazoli ya vidonge, na efavirenzi kati ya dawa za ARV, zote zinajulikana kukuza matiti ya mwanaume. Usiache dawa hata moja kwa uamuzi wako, hasa ARV. Mwambie daktari ili akubadilishie. Na anayechomwa homoni ya hCG kulinda mbegu ajue kuwa hCG huamsha korodani zitengeneze estradioli zenyewe. Kama bado unatafuta mtoto, mwambie daktari kabla ya sindano yoyote, maana testosteroni ya nje hushusha mbegu, wakati mwingine hadi sifuri.

Kidonge kinapohitajika

Umegawa dozi, umepunguza kiuno, wiki sita zimepita, dalili zipo na kipimo kinaonyesha estradioli iko juu kweli. Hapo daktari anaweza kufikiria anastrozoli, kidonge kinachozuia aromatasi. Dawa hii ilitengenezwa kwa wanawake wenye saratani ya matiti, kidonge kimoja cha miligramu 1 kila siku. Kwa mwanaume aliye kwenye tiba ya testosteroni haijaidhinishwa rasmi, na madaktari wanaoitumia huanzia robo au nusu kidonge mara moja au mbili kwa wiki. Kidonge chenyewe ni kidogo mno. Kisu cha jikoni hukivunja vipande visivyolingana, kwa hiyo tumia kikata vidonge.

Kosa kubwa ni mtu kufuata maandishi ya kwenye boksi na kumeza kimoja kila siku. Estradioli inaporomoka. Magoti, vidole na mabega huuma kama umelima shamba zima, hamu inapotea, huzuni inaingia, na kwa sababu dalili hizi zinafanana na za testosteroni kupungua, mwingine anaongeza sindano. Ukiona maumivu ya viungo yameanza baada ya kidonge, acha kumeza na wasiliana na daktari. Nusu ya dawa hutoka mwilini kwa siku mbili hivi, hivyo nafuu huja kwa siku kadhaa hadi wiki mbili. Anayetumia miezi mingi apimwe mifupa.

Damu nzito na titi lenyewe

Testosteroni huongeza chembe nyekundu, na Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, jambo linaloongeza kidogo pia. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikizidi asilimia 54, sindano husimamishwa hadi ishuke. Wanaopandisha wageni Kilimanjaro wapime kabla ya safari, si siku wanayoshuka wakiwa wamekaukiwa maji. Uvimbe wa miguu yote miwili unaoacha shimo ukibonyeza dole gumba kwenye muundi ni maji. Mguu mmoja tu uliovimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kagua titi ukiwa umelala chali. Bana taratibu kwa dole gumba na cha shahada, ukisogea kutoka pembeni kuelekea chuchu. Mafuta matupu hayana kitu cha kushika. Tezi inayokua huhisiwa kama kisahani cha mpira chini ya chuchu, kinauma ukikibonyeza. Ikigunduliwa mapema, daktari anaweza kutumia tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni kwenye titi, kwa muda mfupi. Ikikaa zaidi ya mwaka huwa imegeuka kovu, na dawa haitaiyeyusha, ni upasuaji. Bonge gumu la upande mmoja lisilokaa katikati ya chuchu, ngozi iliyovutwa ndani, au damu kutoka kwenye chuchu, usihusishe na sindano wala kusubiri wiki sita. Nenda hospitali ya rufaa, KCMC au Mount Meru, ukachunguzwe saratani ya matiti, ambayo wanaume pia huipata.