Kuvuka bahari na boti ya tanga: panga usingizi kwanza

Ukitoka Mombasa kwenda Shelisheli ni karibu maili 950 za baharini. Boti ndogo ya tanga ikienda maili 5 kwa saa ni maili 120 kutwa kucha, kwa hivo hesabu siku 8 lakini beba chakula na maji ya siku 12. Na angalia msimu, upepo wa kusi ukishakolea unakuja kutoka kusini mashariki, yaani karibu usoni kwako, usijitese, ngoja upepo wa kaskazi.

Sasa jambo kubwa ni zamu. Wengi wanaogopa dhoruba lakini kinachowamaliza watu ni kukosa usingizi, mtu akichoka anasahau kula, anakuwa mkali, anafunga kamba vibaya. Mkiwa watatu gaweni usiku masaa matatu matatu, saa mbili mpaka tano, tano mpaka nane, nane mpaka kumi na moja alfajiri. Anayetoka zamu alale papo hapo, mambo ya kuosha vyombo na kupiga stori ni ya mchana. Lala upande ule boti imeinamia na ujikaze na mto mgongoni, ama utakuwa unabingirika usiku kucha.

Aliye zamu asimame kila dakika 10 aangalie pande zote, omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), manake meli ya mizigo inayokimbia maili 20 kwa saa ukiiona taa tu kwa mbali inaweza kukufikia ndani ya nusu saa, na pengine wao hawakuoni kabisa. Tumia tochi ya taa nyekundu, ile nyeupe inakupofusha na macho yanachukua hadi nusu saa kuzoea giza tena. Mkanda wa usalama ufungwe hata bahari ikiwa shwari kama mafuta. Na jamani ukitaka kukojoa usiku shuka chooni, usisimame ukingoni, watu wanapotea hivo hivo na mwenzako amelala hajui.

Maji weka lita 4 kwa mtu kwa siku, na usiyatie yote kwenye tangi moja, mengine yawe kwenye jerikeni. Oga maji ya bahari halafu jisuuze na kikombe cha maji yasiyo na chumvi, chumvi ikikaukia mwilini unatoka vidonda vya makalio na huko kukaa ndio kazi yenyewe.

Marikiti nunua kabeji, ndimu, tende, ng'onda (samaki wa kukaushwa), na mayai ambayo hayajaingia friji. Viazi na vitunguu viweke mbali mbali. Siku mbili za mwanzo tumbo litasumbua, kwa hivo pika ukiwa bado nchi kavu, na dawa ya kichefuchefu meza kabla hamjang'oa nanga, ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Kila asubuhi zunguka ukague kamba zote kwa mkono. Ukiona inatoa nyuzi pale inaposuguana, ilegeze uisogeze kidogo hapo hapo, ukiiacha itakatika saa nane usiku, tanga lipige hovyo na nyote mtakuwa macho.